Hawakujikaza Tu

Kuna sentensi ambayo kijana wa Kenya hafikishi miaka ishirini na tano bila kuambiwa. Huja kwa sura tofauti, lakini mwili wake ni mmoja: wazee wenu walipitia Hali ya Hatari, walifungwa, walipigwa, walipoteza mashamba, na hakuna aliyesikika akisema ana depresheni. Jikaze. Utaisikia kwa mjomba kwenye mazishi, kwa mhubiri, kwa bosi, kwa jamaa wa jimu mwenye podikasti. Ukisema hulali, jikaze. Ukisema kichwa kimejaa, babu yako alikuwa Manyani.

Sasa, uzuri wa hiyo maneno ni kwamba inaweza kukaguliwa. Waliokuwa Manyani waliandika. Waliofungwa Kamiti na Shimo la Tewa miaka iliyofuata waliandika pia, wengine kwenye tishu ya choo. Nimekuwa nikiwasoma kwa karibu mwaka mzima, na kinachonishangaza ni jinsi habari ya kujikaza ilivyo ndogo katika vitabu vyao. Wanazungumzia ratiba. Wanazungumzia darasa, habari za nje, utani, ubishi, nani alikuwa akimfundisha nani. Kama kuna kitu wazee walifanya kizuizini, basi walitunza akili zao kwa makusudi, kila siku, kama mtu anavyomwagilia sukuma wiki nyuma ya nyumba.

Lakini lazima nianze na upande wa serikali, kwa sababu serikali nayo ilikuwa na maoni kuhusu akili hizo.

Hospitali ya Mathari ilianza mwaka wa 1910 kama hifadhi ya wendawazimu ya Nairobi, mahali ambapo awali palikuwa pa kutenga wagonjwa wa ndui. Hebu fikiria hiyo kama wazo: unachukua nyumba ya ugonjwa wa kuambukiza unaifanya nyumba ya akili. Jina Mathari lilikuja 1924. Mwaka wa 1938 hospitali ikakabidhiwa daktari Mwingereza aliyeitwa J. C. Carothers, ambaye alikuwa afisa wa tiba wa kawaida kwenye koloni, bila mafunzo maalum ya magonjwa ya akili alipopewa kazi hiyo. Alikaa hadi 1950. Baada ya hapo akawa bingwa wa dunia. Katika makala ya 1951 alifananisha akili ya Mwafrika wa kawaida na ya Mzungu aliyekatwa neva za sehemu ya mbele ya ubongo kwa upasuaji. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa. Na 1954, vita vikiwa vimepamba moto, Mchapishaji wa Serikali hapa Nairobi akatoa ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau.

Soma hiyo ripoti ukiwa na chai ya kutosha. Watu wanaodai ardhi yao wanageuka kuwa watu wenye wasiwasi wa nafsi, waliokwama kati ya mila na usasa. Dai la shamba linakuwa dalili ya ugonjwa. Na ukishaliita dai ugonjwa, kambi inaweza kuitwa mahali pa kurekebisha watu, na kukiri kiapo kunaweza kuitwa tiba, hata kama kumetolewa kwa kiboko. Kwa hiyo, bana, mazungumzo ya afya ya akili hayakuletwa nchini na kizazi cha TikTok. Yalikuwepo. Tatizo ni nani aliyekuwa anayaendesha.

Tarehe 24 Aprili 1954, Operesheni Anvil iliuzunguka mji wa Nairobi, na makumi ya maelfu ya watu wakakusanywa na kuchujwa. Wengi waliishia Langata, Mackinnon Road na Manyani, kwenye joto la Tsavo kando ya reli ya Mombasa. Manyani ilikuja kushika zaidi ya watu elfu kumi. Mwaka huohuo homa ya matumbo ikaingia kambini na kuua. Hapo ndipo alipopitia J. M. Kariuki, ambaye alizuiliwa tangu 1953 hadi 1960 akihamishwa kambi baada ya kambi. Kitabu chake, Mau Mau Detainee, kilitoka 1963. Watu wengi wanamjua J. M. kwa jinsi alivyouawa Machi 1975. Wachache wamesoma alivyoishi.

Wafungwa walianzisha shule. Wenye elimu kidogo waliwafundisha wasio nayo kabisa. Kusoma, kuandika, hesabu, Kiingereza. Karatasi ilikuwa adimu, kwa hiyo mchanga ukawa ubao. Waliunda kamati, wakachagua viongozi wa kila boma, wakatunga sheria za kuzuia ugomvi na za usafi. Mwanahistoria Derek Peterson ameandika makala nzima kuhusu maisha ya kiakili ya wafungwa wa Mau Mau, na yeye huyaona mambo haya kama siasa: watu waliokuwa wakijadiliana heshima ni nini, mtu mzima ni nani, jamii inayokuja iwe vipi. Nakubaliana naye, lakini nikiwa mtu ninayejua kuamka saa tano bila sababu ya kuamka, naona kitu kingine pia. Darasa linakupa kesho. Ukijua kwamba kesho asubuhi kuna mzee anakungoja umalizie naye silabi za herufi ya M, usiku unakuwa na ukuta wa upande wa pili.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo nimeulizwa mara nyingi kwa nini bado nasoma vitabu kama hakuna mtihani. Manyani hakukuwa na mtihani. Hakukuwa na cheti wala mahafali. Kulikuwa na wanaume waliofagia jiwe na changarawe ili mtu aandike jina lake kwa kijiti, kisha upepo ulifute. Sijaona jibu zuri kuliko hilo.

Kisha kuna habari. Hapa ndipo kitabu cha Kariuki hunifanya nicheke kwa sauti. Kambini hakukuruhusiwa magazeti, lakini kulikuwa na wafungwa waliotumwa kusafisha ofisi na nyumba za maafisa, na hao waliokota vipande vya gazeti na maneno yaliyodondoka. Habari hizo zilisambazwa mabomani kwa mdomo. Na wafungwa walizigawa kwa majina mawili. Zile zilizojulikana kuwa za kweli, zenye chanzo cha kuaminika, ziliitwa Manyani Times. Zile za tetesi, za kukisia, za "nimesikia ati", ziliitwa Waya Times. Waya, neno linalokuletea mara moja picha ya seng'enge.

Angalia walichofanya hapo. Hawakukataza tetesi. Mtu aliye kizuizini bila tarehe ya kutoka anahitaji tetesi, zinampa kitu cha kutafuna. Lakini walizipa jina lake na rafu yake. Ulijua unachokula. Mtu akikuambia gavana anaondoka, ungeweza kufurahi kidogo, kwa kipimo cha Waya, bila kuvunjika moyo kesho yake ikigunduliwa ni uongo. Kwa watu waliokuwa wakiishi kwa kusubiri, kupanda na kushuka kwa matumaini kulikuwa hatari kuliko njaa. Hiyo rafu mbili ilikuwa dawa, na ilikuwa bure.

Wakati huohuo Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji aliyekamatwa Oktoba 1952, alikuwa kisiwani Manda, mkabala na Lamu, akiandika shajara kwa siri. Aliificha miaka hiyo yote. Ilichapishwa kwa Kikuyu mwaka wa 1983 na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Noma. Kuandika leo nilikula nini, nani amefika, nani amehamishwa. Vitu vidogo. Lakini mtu anayeandika tarehe kila siku bado anamiliki kalenda yake.

Ungedhani uhuru ungefunga ukurasa huu. Haukufunga.

Mwaka wa 1968 kijana wa Mombasa aliyekuwa akifanya kazi ya uhasibu katika baraza la mji aliandika kijitabu kilichoitwa Kenya: Twendapi? Alikuwa Abdilatif Abdalla, umri miaka 22, mfuasi wa KPU. Swali hilo la neno moja lilimgharimu miaka mitatu, tangu 1969 hadi 1972, na sehemu kubwa ya muda huo aliwekwa peke yake, Kamiti na Shimo la Tewa. Huko alitunga mashairi ambayo yalitoroshwa nje yakiwa yameandikwa kwenye tishu, na mwaka wa 1973 yakatoka kama Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ndiyo, huyohuyo. Ukifungwa na serikali ya mtu kisha ukapewa zawadi yenye jina lake, nafikiri unaruhusiwa kucheka peke yako chumbani.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu tulifundishwa mizani na vina shuleni kama adhabu. Beti nne, mishororo, ukwapi na utao, na mwalimu anayehesabu silabi kwa kugonga dawati. Hakuna aliyetuambia vitu hivyo vinafanya kazi gani. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, nane upande huu, nane upande ule. Kina cha kati kinarudi, kina cha mwisho kinarudi. Mfumo wenyewe ni wa kushika kichwani. Ukisahau neno, kina kinakukumbusha, na ukikosea, mizani inakushtaki. Shairi la kimapokeo linaweza kutungwa gizani, likahifadhiwa bila karatasi, likarekebishwa kesho. Kwa mtu aliye peke yake ndani ya seli, hicho ni chombo, kama vile jembe ni chombo. Abdilatif alikulia katika nyumba ya washairi. Ndugu yake Ahmad Nassir ndiye mtunzi wa Malenga wa Mvita. Alipoingizwa ndani walimnyang'anya karibu kila kitu, lakini hicho chombo walikiacha kwa sababu hawakujua kiko wapi.

Na halafu kuna shairi lake refu la Mnazi. Ndugu wawili, Alii na Badi, wanabishana juu ya mnazi: wa nani, nani ana haki nao, nani aupande, nani aachie. Wahakiki wameusoma ubishi huo kama siasa za Kenya, na sawa, nadhani wako sahihi. Ila mimi hufikiria hali ya utungaji. Mtu ambaye hana wa kuzungumza naye ametunga mazungumzo. Upande mmoja unasema, wa pili unajibu, na wote wawili wanapewa hoja nzuri, hakuna mjinga kati yao. Ili uandike Badi vizuri lazima uache kuwa Alii kwa muda. Akili iliyofungiwa peke yake huanza kujizungusha mahali pamoja kama inzi kwenye chupa, wazo moja, kosa moja, jina moja. Kumpa mpinzani wako sauti ni njia ya kuifungulia dirisha. Kujibizana ni utamaduni wa kale wa pwani, washairi wakijibishana mjini na magazetini. Yeye aliuhamishia ndani ya kuta nne akacheza pande zote mbili.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Kamiti mwishoni mwa Desemba 1977 na akatoka Desemba 1978. Hadithi yake inajulikana zaidi, kwa hiyo nitaipita haraka: aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ kwenye tishu ya gereza, ambayo ilikuwa ngumu kiasi cha kumfaa mwandishi na kumwadhibu kila mtu mwingine. Katika upekuzi mmoja askari jela waliuchukua mswada, na baadaye ukarudishwa. Watu husimulia kisa cha tishu wakaachia hapo, kama kwamba jamaa alikuwa peke yake na fikra zake. Hakuwa. Humo alimkuta Wasonga Sijeyo, mwanasiasa wa KPU aliyekuwa kizuizini tangu 1969, na wengine. Kulikuwa na wenyeji na wageni wa kizuizi, na wenyeji waliwapokea wageni. Mtu anayeingia anahitaji kuambiwa jinsi siku inavyopita humu, nini cha kuogopa na nini cha kupuuza. Ukisoma Detained kwa umakini, nyuma ya mwandishi kuna wanaume wanaopiga stori.

Miaka ya themanini ilileta kitu kibaya zaidi. Seli za chini ya Nyayo House zilifunguliwa kwa umma Februari 2003, na tangu hapo waliopitia humo wamesimulia: giza, au taa isiyozimwa, maji sakafuni ili usilale, hakuna saa, hakuna karatasi, hakuna sauti ya binadamu isipokuwa ya anayekuhoji. Ukiweka simulizi hizo kando ya kitabu cha Kariuki, unaona kwamba watesaji walikuwa wamejifunza. Manyani waliwafunga watu pamoja, watu wakafungua shule. Nyayo House kila kitu kilichoshika akili Manyani kiliondolewa kimoja kimoja. Usingizi, tarehe, mwenzako, kazi ya mikono, habari. Aliyeshika funguo alijua vizuri kabisa kwamba binadamu hashikiliwi na ugumu wa roho. Angekuwa anaamini hadithi ya "jikaze", asingehangaika na maji.

Walioanza kuyasema hayo hadharani walipata wasikilizaji mahali ambapo hapakutarajiwa. Mwishoni mwa Februari 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park, kwenye kona ambayo leo inaitwa Freedom Corner, wakagoma kula wakidai wana wao. Wangari Maathai alikuwa nao, na amesimulia jinsi watu walivyoanza kuja pale na kueleza mateso waliyofanyiwa, wengine kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Kwa siku chache nyasi za Uhuru Park zikawa chumba cha kusema. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa rungu na gesi. Kina mama wakavua nguo, laana ambayo kila askari aliijua. Kisha wakahamia Kanisa la All Saints, ng'ambo ya barabara, na wakakaa huko karibu mwaka mzima, wakilala pamoja, wakiimba, wakingoja. Walikuwa wanawake wa umri wa nyanya zetu. Wakikuambia wazee hawakuzungumza kuhusu yaliyowaumiza, waulize ni wazee gani.

Sitaki kuigeuza historia hii kuwa tangazo la kuuza daftari la ratiba. Wako waliofunzwa mchangani wakatoka wakiwa wamevunjika, na wako ambao hawakutoka. Hola, tarehe 3 Machi 1959, wanaume kumi na mmoja waliuawa kwa kipigo, na hakuna mazoea ya akili yanayozuia rungu. Vilevile kuna ugonjwa ambao hautibiwi kwa shairi wala kwa stori. Unahitaji daktari, dawa, na mtu wa kukupeleka. Hadi juzi, nchi hii ilimjibu mtu aliyejaribu kujiua kwa kumpeleka kortini. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa mkoloni, kiliruhusu afungwe hadi miaka miwili. Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba mnamo Januari 2025. Miaka sitini na moja baada ya uhuru. Nani alikuwa anajikaza wakati wote huo, na nani alikuwa anamwambia?

Ninachobishia ni kutumiwa kwa wafu. Kijana anayesema hawezi kulala anatajiwa Manyani ili anyamaze, wakati Manyani yenyewe ilikuwa mahali pa kelele: za darasa, za kamati, za habari za uongo na za kweli. Wanaume wale walihitajiana waziwazi, na wakaandika kwamba walihitajiana. Tumebakiwa na kuta tukasahau walichokuwa wakifanya ndani.

Kwenye ploti yetu kuna grupu la WhatsApp la wapangaji, na kama magrupu yote, limejaa tetesi: kuna wezi, kuna maandamano, kodi inapanda, chanjo hii ina nini. Mwaka jana, baada ya usiku mmoja ambapo nusu ya ploti haikulala kwa sababu ya sauti iliyofowadiwa na mtu asiyejulikana, niliwasimulia habari ya zile rafu mbili. Sikutarajia zishike. Siku hizi ukituma kitu unaulizwa. Juzi mtu aliandika kwamba maji yatakatwa siku tatu. Mama Shiro wa nyumba namba nne akajibu kwa ujumbe mmoja: hiyo ni Manyani ama ni Waya? Jamaa akaandika, Waya. Tukajaza mitungi hivyo hivyo, lakini tulilala.